Mabanda tutajenga, ila nani ataamka saa nane za usiku?

Mwaka juzi mwezi wa tano, masika yanaelekea kuisha na barabara ya kwetu bado tope tupu, nilipigiwa simu na dada mmoja ambaye kufahamiana kwetu ni kwa ajili ya paka tu, yaani hata jina lake la pili silijui, akaniambia kuna boksi la sabuni limetupwa nje ya geti la godauni moja huko Buguruni, ndani kuna vitoto vya paka vinne macho bado hayajafunguka na mama yao haonekani tangu asubuhi. Nikamuuliza sasa dada mbona unanipigia mimi, mi nimewahi kukaa na paka wa kuokota mara moja tu tena mkubwa. Akacheka. "Si ndo maana, we ulishapokea mara moja." Nusu saa baadaye bajaji ikasimama nje, dereva akanikabidhi lile boksi kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi trei ya mayai, nauli akakataa.

Huyo dereva tutarudi kwake.

Kitu ambacho hakuna anayekuambia kabla ni masaa. Kitoto cha paka cha wiki moja kinataka kula kila baada ya masaa mawili mpaka matatu, mchana na usiku, hakijui kama kesho una kikao. Na ukishamlisha hujamaliza, unachukua pamba yenye maji ya uvuguvugu unamfuta taratibu huko nyuma ndo akojoe, maana mwenyewe hawezi, mama yake huwa anamfanyia kwa ulimi. Joto la mwili nalo hawezi kulitunza, kwa hiyo unajaza chupa maji ya moto unaizungushia kipande cha kanga unaiweka pembeni ya boksi, ikipoa unaamka unajaza nyingine. Ukimlisha akiwa wa baridi maziwa hayasagiki tumboni. Ukimlaza chali kama mtoto mchanga wa binadamu maziwa yanaingia kwenye mapafu, anatakiwa akae kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama yake.

Yote hayo niliyajua kwa kukosea. Duka moja la dawa za mifugo nililokwenda siku ya kwanza, jamaa aliniambia kwa kujiamini kabisa chukua maziwa ya ng'ombe changanya na maji kidogo, na mimi nikafanya, kesho yake wote wanne wanaharisha. Mmoja akafa usiku wa pili, mwingine siku ya nne. Waliobaki sijui niseme niliwaokoa mimi au yule dada, sababu yeye ndo alikuja na kopo la maziwa maalumu ya vitoto vya paka, aliletewa na mtu kutoka Nairobi, pamoja na mzani wa jikoni, akaniambia ripoti yako ni uzito, kila asubuhi unapima, akiongezeka gramu 10 hivi kwa siku uko salama, siku mbili bila kuongezeka unanipigia hata kama ni usiku.

Nimeanza na lile boksi kwa sababu kila nikisikia mjadala wa kuokoa wanyama hapa kwetu, iwe Dar, iwe Mombasa, iwe Nairobi, mjadala unakimbilia kwenye majengo. Hatuna shelta ya kutosha, yaani vituo vya kutunzia wanyama waliookotwa, serikali itupe kiwanja, wafadhili watujengee mabanda, tuweke na tanki la maji na bango kubwa getini. Sipingi shelta hata kidogo. Kenya wana KSPCA, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama ambacho mizizi yake inarudi mpaka 1910, na ile shelta yao ya Langata Road imepokea punda, mbwa, paka na kila kinachopumua. Ninachosema ni kwamba banda ni kitu kinachonunulika, ukipata hela leo wiki ijayo fundi yuko saiti, lakini mtu wa kuamka saa nane za usiku hanunuliki hivyo, na hapo ndo kazi yote inapokwama. Ukiwa na mabanda 50 na walezi wawili unachoweza kuokoa kinalingana na wale walezi wawili, mabanda yanayobaki ni sehemu ya kusubiria.

Tena wengine wanasubiria kifo, tuseme ukweli. Chukulia parvo, wengi wetu tunaujua kama ule ugonjwa wa mbwa wadogo kuharisha damu. Virusi vyake vinakaa kwenye udongo na sakafu miezi mingi, vinaweza kufika mwaka, sabuni ya kawaida haviiogopi, mpaka klorini. Chanjo ya mtoto wa mbwa inaanza akiwa na wiki 6 mpaka 8 halafu inarudiwa kila baada ya wiki 2 mpaka 4 hadi afikishe wiki 16, maana yake kuna miezi miwili na zaidi ambapo kinga aliyopewa na mama yake inashuka na ya chanjo haijashika sawasawa. Sasa mchukue mtoto wa mbwa wa umri huo umuweke kwenye banda ambalo wiki iliyopita lilikuwa na mgonjwa, jirani yake ukuta kwa ukuta wako wengine 12 wametoka mitaa tofauti, na anayefagia ni mtu mmoja anapita banda hadi banda na ndala zilezile. Huhitaji udaktari kujua mwisho wake. Watoto haohao ukiwagawa kwenye nyumba tano, ugonjwa ukitokea unaishia kwenye nyumba moja. Kwangu mi hiyo ndo hoja ya kwanza ya ulezi wa nyumbani, wala haina uhusiano na huruma, ni hesabu ya maambukizi tu, kila nyumba ni karantini yake.

Hoja ya pili ni akili ya mnyama. Mbwa ana kipindi, kuanzia wiki ya 3 mpaka kama ya 12 au 14 hivi, ambapo kila anachokutana nacho anakiandika kichwani kama cha kawaida. Paka kipindi chake kinawahi zaidi, wiki ya 2 mpaka ya 7. Akikutana na ufagio, redio, mtoto anayekimbia, muuza mkaa anayepiga kelele dirishani, baba anayekohoa, atakua akijua haya ndo maisha. Kipindi hicho akikipitisha kwenye kizimba cha zege akiona miguu ya mtu mara mbili kwa siku, unatengeneza mbwa ambaye ataogopa kila kitu na mbwa mwoga ndo anayeuma. Halafu tunashangaa mbona mbwa wa shelta hachukuliwi. Atachukuliwaje wakati mtu akija kumwona anajibanza kona ya mwisho na mkojo unamtoka?

Wamarekani ambao wana shelta nyingi kuliko sisi tulivyo na vituo vya polisi wamelipima hili. Mwaka 2019 mtafiti Lisa Gunter na wenzake walitoa utafiti wa mbwa wa shelta waliopelekwa kulala nyumbani kwa watu usiku mmoja au miwili tu, wakapima homoni ya msongo kwenye mkojo, wakakuta inashuka mbwa akiwa nyumbani, na akirudishwa bandani inapanda kurudi palepale. Mwaka 2023 ukatoka mwingine uliogusa shelta 51 na mbwa karibu 2,000, ambao mbwa aliyetolewa matembezi mafupi na mtu wa kujitolea uwezekano wake wa kupata nyumba ulipanda mara 5 hivi, na aliyekwenda kulala kwa mtu usiku mmoja au miwili ukapanda mara 14. Usiku mmoja au miwili jamani! Na sababu yenyewe nadhani ni rahisi, mbwa akiwa nyumbani kwa mtu anapata kitu ambacho banda halimpi, anapata mtu wa kumsemea. Ukiniuliza kuhusu mmoja wa wale paka wangu wawili ningekujibu kabla hujamaliza swali: anaogopa radi, hali uji wa dagaa mpaka upoe, akikuona umekaa na simu anailalia. Mtu akisikia hivyo anaanza kumwona kwake. Maelezo ya "jike, rangi ya majivu, kachanjwa" hayajawahi kumgusa mtu moyo.

Tufanye hesabu ya vidole. Nyumba moja ikipokea kundi la vitoto vya wiki mbili ikakaa navyo mpaka wiki ya nane ni mwezi na nusu. Mara nne kwa mwaka, na mapumziko katikati, kila kundi paka wanne, ni paka 16. Nyumba kumi ni 160, na hakuna tofali hata moja lililopandishwa. Nimetumia namba za kukisia za nyumba ambayo kila kitu kimeenda vizuri, na mi nimeshakwambia kwangu walikufa wawili kati ya wanne, kwa hiyo punguza unavyotaka, bado huwezi kupata hiyo kwa gharama ya kujenga.

Ila mfano mkubwa kuliko wote wa kulea mnyama asiye wako uko hapo jirani, Nairobi, kwenye kitalu cha tembo yatima cha taasisi ya Sheldrick, na watu wetu wengi wanakifahamu kama sehemu ya kupeleka watoto wa shule tu. Daphne Sheldrick alihangaika miaka na miaka kutafuta maziwa ya kumlisha tembo mchanga aliyefiwa na mama, ya ng'ombe yanamuua kwa sababu ya mafuta yake, na kilichokuja kufaa ni maziwa ya watoto wa binadamu yenye mafuta ya nazi. Miaka ya 1970 huko Tsavo akawa na tembo mchanga anaitwa Aisha, akafika kama miezi sita, jambo ambalo lilikuwa halijawezekana. Halafu Daphne akasafiri kwenda kwenye harusi ya binti yake, na Aisha akagoma kula, akafa. Maziwa yalikuwepo, kila kitu kilikuwepo isipokuwa yule mtu mmoja aliyemzoea. Ndo maana leo kwenye kitalu cha taasisi ile, iliyoanzishwa 1977 kwa kumkumbuka mumewe David, walezi wanalala zizini na watoto wa tembo, chupa ya maziwa kila baada ya masaa matatu, na kila usiku analala mlezi mwingine ili mtoto apende kundi zima asimshikilie mtu mmoja.

Hicho kisa cha Aisha mi huwa nakirudia sana kwa sababu kina mambo mawili na watu huchukua moja. La kwanza wote wanaliona, kwamba mlezi ni dawa sawa na maziwa. La pili ni kwamba mlezi mmoja asiye na msaidizi ni hatari kwa mnyama mwenyewe. Ukijenga uokoaji wa mji mzima juu ya mgongo wa mwanamke mmoja mwenye roho nzuri, siku akiugua malaria kila kitu kinalala.

Na kuna utani mdogo hapo. Ile taasisi ina mpango ambao mtu akiwa London au Chicago anatoa mchango wa mwaka anaitwa mlezi wa tembo flani, anatumiwa habari zake kwa imeili. Hela hizo zinafanya kazi, sina neno, lakini anayeitwa mlezi kwenye cheti yuko Chicago, na anayenuka maziwa na kinyesi cha tembo alfajiri anaitwa mfanyakazi. Hata kwetu kwenye magrupu ya WhatsApp iko hivyo, aliyetuma elfu ishirini anapigiwa makofi ya emoji mpaka asubuhi, aliyekaa na mbwa mwenye mguu uliovunjika wiki saba anaulizwa "vipi hajapona tu?"

Tuongelee hilo neno sasa. Kwenye magrupu tunasema kufosta, nimefosta, nafosta, fosta wangu kaondoka leo. Neno limeshaingia na halitoki, ila lina kasoro, linafanya jambo lenyewe lionekane la wageni wa Masaki na Karen, wakati kulea cha mwenzio ni kitu cha kwetu kabisa. Nani kati yetu hajawahi kukaa kwa shangazi au mama mkubwa kwa sababu shule ilikuwa karibu na kwake, au mama alikuwa anajifungua, au mambo nyumbani hayakuwa mazuri? Na kanuni zake zote tunazijua bila kuandikiwa. Mtoto ana kwao. Aliyemleta analeta hata kilo mbili za mchele na akikaa kimya miezi mitatu watu wanamsema. Na siku ya kuondoka ikifika unalia huku unamfungia begi, lakini unamfungia. Ukimwambia mama yangu mzazi "nafosta paka" anakuangalia kama umepotea, ukimwambia "nimeachiwa namlea mpaka apate kwao" anauliza kala nini.

Najua swali linalokuja, na mbwa je? Hapa pwani nyumba nyingi haziwezi kumlaza mbwa ndani, mate yake yana hukumu zake kwa Waislamu na chombo akikiramba kinaoshwa mara saba, na mimi siko hapa kumlazimisha mtu. Lakini watu hao hao wanaijua hadithi ya yule aliyeshuka kisimani akamchotea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa analamba tope kwa kiu, akasamehewa dhambi zake, na ya mwanamke aliyemfungia paka bila chakula wala kumwachia ajitafutie. Nimeona Magomeni mzee mmoja wa msikitini kamjengea mbwa koko aliyezaa kibanda cha mabati nyuma ya ukuta wa uani, watoto watano, maji kila siku, makombo ya pilau ya shughuli, mkono wake haujawahi kumgusa yule mbwa hata siku moja na watoto wote walikua mpaka watu wakaja kuwachukua. Huyo ni mlezi kamili. Tukisema mlezi lazima awe na kochi na mbwa alale juu yake tutakuwa tumeifuta nusu ya pwani nzima kwa picha tulizoziona kwenye simu.

Na hapa ndo narudi kwa dereva wa bajaji, kwa sababu ulezi ni kiungo kimoja tu, na kazi ya kujitolea ina sura ambazo wenyewe hawajui kama zina jina. Dereva anayebeba boksi bure. Askari wa zamu ya usiku anayejua paka jike wa jengo lake kazaa wapi na lini. Akina mama wa samaki pale Feri, vichwa na matumbo wanaweka pembeni na wanajua kwa sura nani mgeni. Kijana mwenye simu ya kamera nzuri anayepiga picha ambayo macho yanaonekana. Mtu mmoja wa kupokea simu, hii kazi nakuambia ni ngumu kuliko kusafisha mabanda, kupokea simu ishirini za watu wanaosema "njoo umchukue leo la sivyo namtupa". Kila mmoja wa hawa akiondoka, mlezi aliyeko nyumbani anabeba kazi yake juu ya zile chupa za usiku.

Ukitaka kuona watu wa kawaida wanabeba mzigo gani nenda kwenye zoezi la chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu unaua watu kama 59,000 kwa mwaka duniani kwa makadirio yanayotumika na Shirika la Afya Duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wanne kati ya kumi wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa ni watoto chini ya miaka 15. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo ugonjwa unakosa pa kupita. Pemba walifanya hivyo wakausafisha, chanjo ikalegalega, mwaka 2016 ukarudi, wakachanja tena mpaka ukaisha. Sasa nani anawaleta mbwa kwenye kituo cha chanjo? Daktari wa mifugo anakaa mezani na sindano, anayemtoa mbwa chini ya mwembe na kamba ya katani na kumkokota kilomita mbili ni mtoto wa darasa la tano. Bila yeye chupa za chanjo zinarudi kwenye friji zimejaa. Na nyie mnaookota mbwa koko mkamleta nyumbani, hili liwaguse pia, muulizeni daktari kuhusu chanjo yenu wenyewe kabla hamjaanza, na mnyama yeyote akikuuma au kukukwaruza osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu uende hospitali siku hiyohiyo, usisubiri uone.

Nimesifia sana, sasa niseme upande wa pili maana nisipousema wenyewe wataniona mnafiki. Walezi wanachoka na wakichoka hawasemi. Wengi ni wanawake, wengi wanaishi nyumba za kupanga, mwenye nyumba haruhusu hata kuku, kwa hiyo wanalea kwa kujificha na redio imefunguliwa sauti juu ili mbwa asisikike. Chakula wanatoa mfukoni mwao. Mwezi wa sita ndo balaa, shule za kimataifa zinafunga, mikataba ya wageni inaisha, na watu waliokaa na mbwa miaka minne wanagundua wiki ya mwisho kwamba tiketi ya mbwa ni ghali, "tafadhali tutafutie mtu, hata kwa muda". Kwa muda. Hakuna neno linalotumika vibaya kama hilo, nimeona wa muda wamekaa miaka mitatu.

Na kuna ugonjwa mbaya zaidi ambao tunaogopa kuutaja kwa sababu wanaoupata ni watu wema, mtu ambaye hajui kusema hapana. Anaanza na watatu, wanakuwa tisa, wanakuwa thelathini, chumba kinanuka, majirani wanalalamika, paka wana mafua na vidonda vya macho, na yeye mwenyewe anakula mkate mkavu ili wao wale. Nimeingia nyumba kama hiyo mara moja, sitasema wapi, na nilichokiona kule ndani ni mateso yaleyale ambayo yule mtu alidhani anawaokoa nayo. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, Kenya wana yao ya kuzuia ukatili, lakini yule mtu hakuhitaji polisi, alihitaji mtu wa kumwambia miaka miwili nyuma kwamba mwisho wako wewe ni wanne na mimi ndo nitakuwa nakataa simu kwa niaba yako.

Halafu kuhasi. Yaani kulea bila kuhasi ni kukumba maji kwenye ngalawa ambayo tundu hujaliziba. Paka jike anashika mimba akiwa na miezi minne au mitano, anabeba kama siku 63 mpaka 65, anaweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka. Yule mama wa vitoto vya godauni la Buguruni alizaa tena mwezi wa nane palepale, na safari hii hakuna aliyewahi boksi. Ndo tulipochangishana tukamkamata kwa mtego wa wavu, akafungwa kizazi, akakatwa kancha kadogo ka sikio la kushoto ili mtu mwingine akimwona ajue huyu tayari asimpasue mara ya pili, akarudishwa kwenye godauni lake. Aliyekaa nae siku tatu za kidonda ni nani? Yule dereva, kwake Vingunguti, kwenye stoo ya mkaa aliyoimwagia maji na kuitandika magunia. Mkewe alisema paka mmoja tu na asiingie chumbani. Haki yake.

Kwa hiyo mtu akiniuliza milioni mbili niziweke wapi, na huwa wananiuliza kama vile nina ofisi, simwambii ajenge. Namwambia chukua nyumba tano zilizopo. Zinunulie maziwa, chakula, klorini na dawa ya minyoo, ongea na daktari mmoja wa mifugo akubali bei ya kundi, na kila mnyama anayeingia nyumba yoyote asitoke bila kuhasiwa umri ukiruhusu. Mwandikie mlezi tarehe ya mwisho kwenye karatasi, siku anapopokea, wiki sita ni wiki sita, na ikifika kama hakuna wa kumchukua mnyama basi ni kundi linalomhamisha, mlezi asiachiwe hiyo kazi. Weka mlezi wa akiba kwa kila nyumba, kama walezi wa tembo wanavyobadilishana usiku. Na muhimu kuliko maziwa, mlezi apewe ruhusa ya kukataa bila kuelezwa habari za roho mbaya, kwa sababu anayepumzika mwezi mmoja atapokea tena na anayelazimishwa atazima simu moja kwa moja. Nimewaona wa aina zote mbili na wale waliozima hawajawahi kuwasha.

Wale wawili wangu mmoja yuko Mbezi kwa mwalimu mmoja mstaafu, mwingine yuko kwa jirani wa jirani na bado ananikimbia akiniona, sijui ananikumbuka kwa lipi. Lile boksi la sabuni nilishalitupa, siku hizi natumia beseni la plastiki maana linaoshwa na klorini likaanikwa juani, na hivi naandika liko kwenye ukuta wa uani linakauka.

Jana usiku yule dada kaandika: vipo vitatu, Kigogo, macho yameanza kufunguka, una nafasi? Nikamjibu sina mpaka tarehe 20, nina safari na bado sijalala vizuri tangu wale wa mwisho. Ikakaa tiki mbili za bluu kama dakika kumi hivi. Halafu akajibu sawa, napeleka kwa mwingine, ila mzani si uko kwako?

Mzani uko Vingunguti.